Kondoo wa Masikio Mazima

Mwanangu wa kwanza alikaa zaidi ya miezi miwili bila jina, na sababu ilikuwa bei ya kondoo. Nikisimulia leo watu hucheka. Mimi wakati ule sikuwa na kicheko, nilikuwa na hasira, tena hasira za kuchemshia chai.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, hapa hapa Takaungu. Ukame ulikuwa umepita bara ukafagia mifugo, na mvua ziliporudi wafugaji hawakutaka tena kuuza. Kila aliyebakiwa na kondoo wawili alitaka wawe kumi. Wachache waliofika pwani walichukuliwa na mahoteli ya Malindi na Watamu, maana wageni wao hawakutaka mbuzi, walitaka kondoo mchanga, tena paja. Mwenye bucha pale Kilifi akawa anatupandishia bei kila wiki. Ukimuuliza, anakujibu huku ananoa kisu wala hakutazami, "Mama, si mimi, ni soko." Soko, soko! Soko lenyewe halina uso ukalitukana. Tukashukia kwa mbuzi, mbuzi naye akapanda. Tukashukia kwa ng'ombe, tukashukia kwa matumbo, mwisho ikawa samaki mchana na samaki jioni, na watoto wa mtaa mzima wakisikia harufu ya mchuzi wa nyama wanasimama kunusa.

Mimi ningevumilia. Samaki nimekulia. Lakini kwetu mtoto akizaliwa huchinjiwa akika, na pale kisu kinaposhushwa ndipo jina lake hutajwa. Kwa kina mume wangu kulikuwa na desturi mbili za ziada: mnyama awe kondoo, si mbuzi, na anayemtoa kondoo ndiye anayechagua jina. Ya kwanza niliiheshimu. Ya pili ndiyo iliyonikwama kooni.

Nieleze kwa nini. Nilikaa na mume miaka mingi bila kushika mimba, na mama yangu ndiye aliyenishika mkono kunipeleka kwa kila mkunga na kila mwenye dua, kuanzia Mtwapa mpaka Mambrui. Dawa nyingine alionja yeye kwanza, ati asije akaniua mtu. Akafariki. Miezi michache baada ya hitima yake nikajikuta nina mimba. Sasa mtoto wa kike akizaliwa, ataitwa nani mwingine? Jina lilikuwa moja tu, la mama yangu, na nililibeba moyoni miezi yote tisa, na kweli akazaliwa wa kike.

Mume wangu alikuwa akifanya kazi kwenye feri ya Kilifi, kupanga magari na kufunga kamba. Mshahara wake ulitosha unga, sukari na mafuta ya taa. Siku ya saba ikatupita bila akika, ya kumi na nne ikatupita, ya ishirini na moja vilevile. Ndipo akaja wifi yangu.

Huyu wifi ni dada mkubwa wa mume wangu, aliyemlea tangu mdogo, na alikuwa ameolewa Malindi na mwenye maduka. Dhahabu mpaka kwenye kiwiko. Mimi nilikuwa bado ndani ya arubaini, nimejifunga tumbo, nanuka mavumba. Nikamwamkia, "Shikamoo, dada." Akaitika "Marahaba" huku kanga iko puani, maana uani nilikuwa naanika papa, na yeye harufu ile ilikuwa adui yake. Akamchukua mtoto, akambusu, akasema jina amekwisha kulipata. Alilisikia Makka alipokwenda kuhiji. Jina zuri, la kisasa, hapa pwani hakuna mtu analo.

"Mtoto ana jina, dada," nikasema. "La mama yangu."

"Lile? Lo! Jina la vikongwe hilo. Mtoto atachekwa skuli."

"Ndilo nililolitaka."

"Najua, na Mungu amrehemu mama yako. Basi toeni kondoo." Akamgeukia mume wangu, aliyekuwa anatazama vidole vyake vya miguu. "Nawapa mpaka mwezi wa pili kutoka huu uandame. Mkishindwa, nakuja na kondoo wangu na jina langu. Mtoto si mzigo, asikae bila jina."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nilimtazama mume wangu nikamwona kijana wa miaka kumi mbele ya dada yake. Nikajua hapa sina wakili.

Lakini mwanamume yule alinipenda, kwa njia yake. Pale kwenye feri malori ya mifugo yalikuwa yakivuka kila siku, kutoka Garsen kwenda Mombasa. Alizungumza na utingo mmoja, wakaelewana bei, na jioni moja nikamsikia anabisha hodi kwa sauti ya bwana harusi. Nafungua mlango, namwona ameshika kamba, meno yote thelathini na mbili nje, na nyuma yake kondoo dume, mweupe, mwenye kichwa cheusi. Akiba yetu yote ilikuwa imekwenda pale, na kwa bei za bucha ilikuwa kama ameokota. Nikapiga kigelegele peke yangu ukumbini.

Baba yangu alikuwa akiishi na sisi tangu kufiwa na mama. Alifundisha chuo cha Kurani ujana wake wote, na mambo ya dini akiyasema yameisha. Akatoka na taa, akampapasa kondoo miguu, mkia, meno. Alipofika kichwani, mkono ukasimama. Sikio la kushoto halikuwa zima. Lilikuwa limekatwa zaidi ya nusu, jeraha la zamani, limepona vizuri kabisa.

"Hii ni alama ya mwenye mali," baba akasema. "Bara huwakata masikio wasipotee. Kwa kula ni halali, sina neno. Kwa akika, hapana. Mnyama wa akika awe mzima."

"Baba," mume wangu akasema, "nani anakula sikio?"

Nilitaka kucheka na kulia, nikashindwa kuchagua. Kumbe mume wangu alimtazama kondoo mkia, maana sisi watu wa pwani kondoo tunamjua kwa mkia wake wa mafuta tu, mbele hatuna habari napo. Asubuhi tukampeleka bucha tumuuze. Yule bwana akatuzungukia, ooh kakonda, ooh wa njiani, akatupa nusu ya tulichotoa. Kesho yake nikapita, namwona kondoo wangu ananing'inia pale kwa bei ya dhahabu. Niliyomwambia mwenye bucha siku ile siwezi kuyaandika, lakini watu waliokuwa kwenye foleni walinipigia makofi.

Kilichobaki mkononi hakikununua hata mguu. Mwezi ulikuwa umekwisha kuandama mara moja.

Mimi kazi yangu ilikuwa papa mkavu. Nilinunua papa pwani, nikampasua, nikamtia chumvi, nikamwanika kwenye nyaya uani mpaka akawa mgumu kama ubao. Wachuuzi walinifuata mlangoni. Mmoja wao alikuwa mama wa Kigiriama kutoka Junju, mnunuzi wangu wa miaka, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Alikuja siku mbili baada ya lile balaa la bucha, akanikuta nimevimba. Nikamweleza yote, mpaka sikio.

Alicheka mpaka akaketi chini. "Dada, wewe umelala juu ya kondoo na unalia njaa!" Akaushika uzi wa papa akautikisa. "Hawa unaoniuzia mimi, unadhani nawapeleka wapi? Nawapeleka Bamba, siku ya mnada. Kule watu wana sima haina kitoweo. Mtu wa Bamba ukimwonyesha noti atakwambia kondoo wake hauzwi. Mwonyeshe papa uone."

Miaka yote ile, na mama yangu kabla yangu, tulikuwa tunakaa mlangoni kungoja mchuuzi. Watu wa Takaungu hatukuwa na tabia ya kumfuata mnunuzi bara. Tuliona kama kujishusha, mwanamke wa mjini kutembeza papa juani. Tukabaki na ustaarabu wetu na pesa zetu mbili mbele ya bucha, tunamlilia mtu asiyetaka hata kututazama.

"Mnada lini?" nikamuuliza.

"Kesho kutwa."

"Twende wote."

Mume wangu aliposikia akapinga. Mtoto mchanga, jua, vumbi, na papa wote ndio mtaji. Wasiponunuliwa tutakula nini? Nikamwambia, "Wewe ulimleta kondoo wa sikio moja, nikanyamaza. Sasa niache na mimi nikajaribu wangu." Baba akakohoa kule barazani, kikohozi cha mtu anayeficha kicheko. Mume wangu mwenyewe ndiye aliyetupandisha feri asubuhi ile, makapu matano ya papa, mama wa Junju, mimi, na mtoto kifuani. Upande wa pili tukapata lori la mkaa linalorudi bara tupu. Tulipofika Bamba nilikuwa mweusi kuanzia kope mpaka nyayo.

Wallahi, mama wa Junju hakusema uongo. Hatukuwahi hata kutandika gunia. Harufu ilitutangulia. Harufu ile ile wifi anayoizibia pua ilikuwa inavuta watu kutoka upande wa pili wa mnada. Walikuja wanawake, wakaja wanaume na fimbo zao, kila mmoja anapiga papa kwa kidole asikie kama amekauka. Wengine walinipa kuku, wengine pesa, mmoja akanipa mbuzi jike ambaye mama wa Junju alimchukua kuwa fungu lake kwa kunileta. Niliacha makapu mawili nikayafunika kwa kanga. Yale yalikuwa ya kondoo.

Nikaingia kati ya mifugo. Nilikuwa nimejifunza somo langu: sikutazama mkia wala mgongo. Kila kondoo niliyemfikia nilimshika masikio. Huyu limepasuliwa, huyu limetobolewa, huyu limekatwa ncha, yule yamekatwa yote mawili. Nikazunguka na buibui langu la vumbi, mtoto mgongoni, napapasa masikio safu nzima, mpaka mzee mmoja akapaza sauti kwa Kiswahili ili nimsikie, "Njooni mwone! Mama wa pwani ananunua masikio!" Mnada mzima ukacheka. Wakawa wananiita, "Mama, huku, hili moja linakufaa?" Nikawajibu, "Moja nilishalinunua, limekatwa na mjinga kama wewe!" Wakazidi kucheka, na mimi moyoni nalia, maana safu zilikuwa zinakwisha.

Ndipo nikamwona. Alikuwa ukingoni mwa mnada, dume, kichwa cheusi, masikio mawili yameanguka pembeni ya uso, mazima kama alivyoumbwa. Hakufungwa kamba. Alikuwa amesimama nyuma ya bibi mmoja mkongwe aliyekuwa ananunua chumvi.

Mama wa Junju akazungumza naye kwa Kigiriama, kisha akanigeukia. "Hauzwi. Mamake alikufa wakati wa ukame, akamnywesha maziwa kwa mkono ndani ya nyumba. Hajawahi kwenda machungani na wengine, ndiyo maana hakutiwa alama. Anamfuata tu."

"Mwambie nina papa."

"Nimemwambia. Anasema papa anaisha, kondoo yuko."

Mtoto naye, kama aliyepewa zamu, akaanza kulia. Nikakaa chini palepale nikamnyonyesha, na machozi yangu yakawa yanamdondokea, sikujali nani ananiona. Yule hawe, ndivyo Wagiriama wamwitavyo bibi, akachutama mbele yangu, akamfunua mtoto uso, akauliza kitu.

"Anauliza jina," mama wa Junju akasema.

"Mwambie hana."

Bibi akashtuka. Akauliza tena, kwa ukali, kama mimi ndiye mwenye kosa. Basi nikamwaga yote. Mama wa Junju akawa anatafsiri na kuongeza yake, nikasikia "Malindi", nikasikia "Makka", nikaona anaonyesha dhahabu mpaka kwenye kiwiko. Bibi akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema maneno marefu, akimwonyesha mtoto kwa kidole.

"Anasema kwao mtoto huitwa kwa jina la bibi yake. Asipoitwa hivyo, bibi yake atarudi kwa nani? Anasema huyo wifi yako hana adabu."

"Mwambie adabu anayo," nikasema, maana haki yake lazima nimpe, "ila hajafiwa na mama yangu."

Bibi aliposikia akamfunika mtoto uso tena. Halafu akainuka, akaenda kwenye makapu yangu, akayafunua. Nisidanganye mtu nikasema alinipa kwa huruma. Alichagua papa mmoja mmoja, akawapiga kwa ngumi, akawarudisha wawili kwa kuwa hawakumridhisha, akadai na kanga iliyowafunika. Nikaikunja pale nikampa. Tulipomaliza akamshika kondoo kichwa kwa mikono miwili, akamwambia neno, akaondoka na chumvi yake bila kugeuka. Mama wa Junju hakunitafsiria neno lile, na sikumuuliza.

Tulirudi Kilifi alasiri. Watu kwenye foleni ya feri walinipisha, mwanamke mweusi kwa mkaa, kichwa wazi nusu, anavuta kondoo. Mume wangu alikuwa kwenye mlango wa feri na kamba mkononi. Aliponiona kamba ikamtoka, gari la mbele likapiga honi, yeye yuko palepale.

Kabla hajasema kitu, akashuka bwana mmoja kutoka kwenye pikapu yenye makreti. Alikuwa akinunulia mahoteli nyama. Akamtazama kondoo wangu, akamshika mgongo, akanitajia bei. Sijapata kusikia bei kama ile. Nikakataa. Akaongeza. Mume wangu akameza mate, nikamsikia. Kwa pesa zile tungelipa kodi ya nyumba na zingebaki. Bwana akaongeza tena, akasema, "Mama, nyama ni nyama, kesho utanunua mwingine."

"Huyu si nyama," nikamwambia. "Huyu ni jina la mtu. Panda gari lako."

Mume wangu akamgeukia yule bwana, akapaza ile sauti yake ya kazini inayosikika ng'ambo, "Gari zote ndani! Ondoa pikapu!" Nikampenda upya siku ile, bado nampenda.

Nyumbani baba akatoka na taa tena. Nilimshikilia mtoto kifuani huku baba anapapasa meno, miguu, mkia. Masikio aliyashika kwa muda mrefu, moja kila mkono. "Mzima," akasema. "Na mwaka wake umetimia."

Tukampelekea wifi habari kwa dereva wa basi, kwamba akika ni Ijumaa, karibu. Hakuamini. Akaja na gari la mumewe, Pijo, na kondoo wake kwenye buti, mnene, mzuri, sina la kumkosoa. Akaingia uani akamkuta wetu amelazwa kuelekea kibla, mume wangu ameshika kisu, majirani wamejaa. Akasimama.

"Jina la mtoto?" baba akauliza, maana ndivyo inavyotakiwa.

Mume wangu akamtazama dada yake. Nikamwona yule kijana wa miaka kumi anachungulia, na nikajua bara yote niliyotembea, papa wote na kanga yangu, vimesimama pale juu ya ulimi wake. Dada yake naye anamtazama. Kisha mume wangu akainama, akasema Bismillahi, na akalitaja jina la mama yangu, binti wa fulani, kwa ile sauti ya feri, mpaka kunguru wakaruka juu ya mnazi wa jirani. Vigelegele vikapasuka. Mimi nililia kwa sauti wala sikuziba mdomo.

Wifi akaja kwangu. Nilijiweka tayari kwa vita. Akaniangalia, akasema, "Umemtoa wapi?"

"Bamba. Kwa papa."

"Papa?" Akatikisa kichwa. "Ebo! Kwa ule uvundo?" Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka wanja ukamchuruzika, akavua bangili zake akaziweka juu ya kabati, akaingia jikoni kunisaidia kukata nyama. Ya akika haivunjwi mfupa, hukatwa viungoni tu, na yeye alijua kuliko mimi. Nyama ikaenda kila mlango wa mtaa ule. Watoto waliokuwa wakisimama kunusa, siku ile walikula mpaka wakalala barazani. Kondoo wake akarudi Malindi kwenye buti, analia mpaka gari likapinda kona.

Jioni, nikiwa jikoni na mikono imejaa mafuta, nilimsikia baba barazani akiomba apewe mtoto. Wakampa. Akakaa naye kimya, nadhani alikuwa anamtazama. Halafu akamwita kwa jina lake, sauti ya juu kidogo, ya kuvuta mwishoni, kama alivyokuwa akimwita mama kutoka barazani kwao kila jioni ya maisha yao, akitaka kahawa.

Wifi akaacha kisu. Mtoto wa miezi miwili hawezi kuitika, na jina lile haliwezi kuitwa likakosa mtu.

"Labeka!" nikaitika, nikapangusa mikono, nikampelekea kahawa.